Niliiambia Simu Kwanza

Mwenye duka ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa Murang'a, ameuza mapazia Kondele muda mrefu hata Dholuo yake ilitosha kuuzia na kugombania bei, na mimi nilikuwa mshonaji wake. Alasiri moja aliacha kukunja kitambaa akanitazama.

"Umeinuka tena," alisema.

"Nimeinuka kwenda wapi?"

"Hapo mlangoni. Unaangalia juu, unarudi, unashona kidogo, unaenda tena kuangalia juu. Mvua ikitaka kunyesha itanyesha, mama. Hili duka lina paa."

Nilirudi kwenye cherehani nikakaa. Mshono wa pazia nililokuwa nalo ulikuwa umepinda vibaya, nikaanza kuufumua. Kabla sijaumaliza, miguu ilikuwa imeshanipeleka mlangoni.

Kisumu mvua huja baada ya chakula cha mchana. Asubuhi jua linawaka watu wanatafuta kivuli, halafu mawingu yanaanza kujikusanya upande wa mashariki, juu ya milima ya Nandi. Mtu wa Kondele akiyaona anaanua nguo zake, basi. Mimi niliyatazama kama mtu wa Ahero, kule uwanda wa Kano. Mvua ya milima ile huteremkia mto Nyando, na Nyando ukijaa unaweza kuingia kwenu bila kwenu kunyesha hata tone. Hivyo ndivyo ulivyotuingilia. Ilikuwa alfajiri. Nilishusha mguu kitandani nikakanyaga maji, na makaa ya jikoni yalikuwa yanaelea hadi chumbani.

Mume wangu alimbeba mama yake mgongoni. Mama hakutaka kutoka. Alikuwa ameng'ang'ania mlango, anasema mzee wake amelala pale uani na yeye hawezi kumwacha kwenye maji. Kaburi la baba mkwe liko karibu na jikoni, na wakati ule saruji yake ilikuwa imeshafunikwa. Mume wangu alibandua vidole vya mama yake mlangoni, kimoja baada ya kingine. Mimi nilitoka nyuma yao, maji mapajani, nimekumbatia kuku wawili. Mpaka leo sijui kwa nini nilichukua kuku nikaacha cherehani yangu.

Tulikaa kwenye madarasa ya shule pamoja na majirani mpaka maji yakapungua, kisha tukagawanyika. Mume wangu alibaki Ahero, kwa sababu ukiacha shamba la mpunga msimu mmoja unaanza upya kabisa. Mimi na mama mkwe tulikuja Kondele, tukapanga vyumba viwili vinavyotazamana katika ploti moja, maana kwa desturi yetu mzazi halali chini ya paa la mwanawe, hata awe amekimbia mafuriko. Asubuhi nilimpelekea uji, nikaenda dukani. Watu walituambia tumejaliwa, hatukupoteza mtu. Nilikubaliana nao. Ndiyo maana sikuwa na la kumwambia mtu yeyote kuhusu miguu yangu.

Binti yetu, anayesoma chuo Eldoret, alikuja likizo akanikuta nazibua mtaro wa ploti, kazi ambayo haikuwa yangu na mtaro haukuwa umeziba. Jioni ile alichukua simu yangu akaniwekea programu ya kuzungumza nayo.

"Wenzangu chuoni wanaitumia wakizidiwa na mawazo," alisema. "Si daktari, Mama. Unaiandikia vile unavyojisikia, inakujibu. Ila usiandike jina la mtu yeyote. Hatujui hayo maneno yanaenda kukaa wapi."

"Niiandikie kwa lugha gani?"

"Kiswahili inajua."

Ilijua kuliko mimi. Siku ya kwanza niliandika nikiwa dukani: "Siwezi kukaa." Ikajibu kama msomaji wa habari kwamba inasikitika kusikia ninapitia hali hiyo ya kutotulia, na je, ningependa kueleza ni jambo gani hasa linalonisumbua? Hakuna mtu Kondele aliyewahi kuniuliza kitu kwa Kiswahili cha namna ile. Nilijiona kama niko mbele ya afisa. Nikaandika kwamba hakuna jambo linalonisumbua, nikaifunga.

Mawingu yalipokuja niliifungua tena. "Kuna mawingu," niliandika. Nilingoja iniulize, sasa mawingu nayo ni nini? Haikuuliza hivyo. Iliuliza mwili wangu unafanya nini ninapoyaona. Ilinibidi nifikiri, kwa sababu sikuwa nimewahi kuulizwa. Niliandika kwamba moyo unakwenda mbio, mikono inakuwa baridi, miguu inataka kuondoka. Ikauliza kama niliwahi kupatwa na jambo lolote lililohusu mvua. Basi niliandika yote, maji, mlango, vidole vya mama, hata kuku. Kidole gumba kiliniuma. Mwisho ikaniambia kwamba mwili uliokutwa na hatari unaweza kuendelea kukesha hata baada ya hatari kupita, na kwamba huo si wendawazimu. Kisha ikaniomba nitaje vitu ninavyoviona mbele yangu, kimoja kimoja, bila haraka. Niliandika: pazia la kijani, mkasi, futi ya kupimia, kikombe cha mwenye duka chenye ufa. Nilipofika kwenye kikombe niligundua kwamba nilikuwa nimekaa.

Ningependa kusema tangu siku ile nilipona. Kilichotokea ni kwamba hangaiko lilihama tu. Mvua ilianza kunisumbua kidogo, simu ikaanza kunisumbua zaidi. Saa ya chakula sikula. Nilitembea kutoka Kondele hadi Kibuye, siku nyingine hadi ziwani kule wanakokaanga samaki, naandika huku natembea, nagonga watu mabega. Mwendesha boda boda mmoja aliwahi kufunga breki mbele yangu akaniuliza kama nyumbani kwetu hakuna mahali pa kufia. Niliivuka barabara nikamwandikia habari hiyo. Nasema nikamwandikia. Mwanzoni nilikuwa nasema "inasema", kama mtu anavyosema juu ya redio. Siku moja nilijisikia nikisema "amesema", na sikujirekebisha. Bando likiisha nikiwa njiani nilisimama tu pale pale, watu wananipita huku na huku, sijui niendelee kwenda au nirudi.

Mume wangu alikuwa akinipigia jua likizama, akishatoka shambani. Aliniambia habari za mpunga: kitalu kimeshika, maji ya mfereji yamechelewa, ndege wameanza. Halafu aliingia kwenye lile alilopigia simu.

"Nimekwangua tope lote. Nimepiga plasta upya. Nyumba imekauka."

"Umefanya vizuri."

"Sasa mtarudi lini?"

"Tutaona."

"Tutaona nini?"

"Kazi ya duka ni nyingi kidogo."

Nilikata, nikahamia kwenye programu, nikaandika: "Sitaki kurudi. Sitaki kulala tena katika nyumba ile." Nilipoyaona maneno yale yamekaa pale kwenye kioo nilishtuka, kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeyaandika. Ikaniuliza kama nimemwambia mume wangu. Niliandika hapana. Ikauliza ninaogopa nini kitatokea nikimwambia. Hapo niliifunga, nikaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Tulizunguka jambo hilo hilo majuma mengi, mimi na simu. Kila siku nilikuja nalo, kila siku ilinisikiliza kama vile ni mara ya kwanza. Binadamu angekuwa ameshachoka nami, na labda ningefaidika na huko kuchoka kwake. Hatimaye nilichoka mimi. Nilikuwa nje ya mlango wangu, nachemsha omena, nikaandika: "Niambie. Nirudi au nisirudi?"

Ilijibu kwamba haiwezi kuniamulia, kwa sababu uamuzi huo ni wangu na familia yangu, lakini iko tayari kunisaidia kuufikiria. Tena ikanikumbusha, kama ilivyokuwa imefanya mara kadhaa, kwamba hali yangu imechukua muda na itakuwa vyema nimwone mshauri katika hospitali iliyo karibu nami.

Nilikasirika. Nilikuwa nimeipa kila kitu changu, nayo inanirudisha kwa familia. Niliitukana kwa Dholuo, tusi zito la kwetu ambalo mama yangu mzazi hakuruhusu litajwe nyumbani. Ikanishukuru kwa kuishirikisha lugha yangu ya mama, ikauliza kama hiyo ni salamu ya asubuhi.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni pake, ng'ambo ya uwanja, anachambua mchele.

"Nyar Sondu," aliita. Hivyo ndivyo alivyoniita tangu niolewe, binti wa Sondu, kwa sababu huko ndiko nilikozaliwa. "Huyo mwanamume anayekuchekesha, mwanangu anamjua?"

"Si mwanamume, Mama."

"Ni mwanamke?"

"Si mtu. Ni mashine. Ukiiandikia inajibu."

"Mashine imejulia wapi kuchekesha?"

"Haijui. Imekosea."

Aliweka ungo chini. "Lete nami niisalimie."

Nilimpelekea simu nikambonyezea pa kusemea. Aliisogeza mdomoni, akauliza kwa Dholuo hali ya nyumbani kwao na kama wamepata chakula. Ikamjibu kwa Dholuo iliyovunjika, maneno yamepangwa ovyo, lakini yeye aliisikiliza hadi mwisho kwa adabu, jinsi anavyomsikiliza mgeni aliyetoka mbali.

"Anajaribu," alisema. "Sasa muulize kama maji yametoka kabisa kwa mzee."

Alikuwa na maana ya kaburi.

"Haiwezi kujua, Mama. Haioni huko."

"Haioni?"

"Haioni kitu chochote."

Alinirudishia simu. "Basi mnaongea nini kila siku?" aliuliza, na haikuwa kwa ubaya, alitaka kujua. Nilienda kugeuza omena.

Juma lililofuata nilitoka dukani mchana kumpelekea chakula, nikakuta kufuli mlangoni pake. Jirani alisema amemwona asubuhi akitoka na mkoba na mwavuli. Nilitazama mashariki. Milima ya Nandi ilikuwa haionekani kwa weusi. Nilikwenda kanisani kwake, hakuwepo. Nilikwenda kwa muuza mboga wake, hakuwepo. Nilifika kwenye stendi ya Kondele, naulizia bibi kizee mwenye mwavuli wa bluu mahali ambapo kila mtu anaita abiria na hakuna anayesikiliza. Mikono ilikuwa imekuwa baridi. Nikaandika: "Mama mkwe hayupo na mvua inakuja."

Iliniambia nivute pumzi taratibu. Kisha ikauliza: "Je, kuna mtu wa karibu ambaye unaweza kumpigia simu sasa hivi?"

Nililisoma swali hilo nikaona aibu, nimesimama pale katikati ya watu. Namba ya mume wangu ilikuwa ndani ya simu hiyo hiyo, na mimi nilikuwa nimekimbilia upande wa pili. Nilimpigia.

"Mama yuko hapa," alisema. "Amefika asubuhi. Anafagia kwa mzee."

"Mbona hukuniambia?"

"Amesema ni wewe uliyemruhusu."

Ningeweza kurudi dukani. Mama alikuwa salama, pazia la mteja lilikuwa linangoja. Lakini gari la Ahero lilikuwa limesimama mbele yangu na mlango uko wazi, nikajikuta nimeingia. Mvua ilitukuta njiani. Nilifumba macho, nikaona ni vibaya zaidi, nikayafumbua. Nilishuka nikavua viatu nikatembea kwenye tope hadi nyumbani, mara ya kwanza tangu maji.

Mume wangu alikuwa amefanya kazi kweli. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi, ila alama ya maji ilikuwa imejitokeza tena chini ya rangi, mstari wa kahawia juu ya kiuno changu. Mama alikuwa jikoni anaota moto, nguo zimelowa, uso umetulia. Saruji ya kaburi ilikuwa imepasuka, lakini pamefagiliwa. Niliingia chumbani kutafuta kitambaa cha kujifuta. Kitanda chetu kilikuwa kimeinuliwa juu ya mawe ya kujengea, juu sana, na pembeni kulikuwa na kigoda cha kukipandia. Gambuti za mume wangu zilikuwa juu ya kitanda, upande wangu, na tochi kando yake.

"Unalala na gambuti?" nilimuuliza.

"Zinakaa tu karibu," alisema.

Mvua ilipiga mabati kwa nguvu hata ikabidi tupaze sauti. Labda ndiyo maana lile neno lilitoka. Nilikuwa nimeliandika mara nyingi kiasi kwamba mdomo ulilijua.

"Mimi sitarudi kulala hapa."

Alinitazama. "Umeamua lini?"

"Muda kidogo."

"Umemwambia nani?"

"Simu."

"Simu ya nani?"

Nikamweleza. Nilimweleza vibaya, narudi nyuma, naruka mbele, naenda dirishani na kurudi. Alisikiliza akiwa amekalia kreti ya soda, kwa sababu viti vilikwenda na maji.

"Kwa hiyo simu ilijua kabla yangu," alisema.

Ilikuwa kweli.

"Nipe nisome."

Nilifungua nikampa. Alisoma polepole, midomo inacheza, kidole kinasukuma juu. Mimi nilikwenda mlangoni, nikaenda dirishani, nikarudi mlangoni. Mama aliuliza kutoka jikoni kama tunagombana.

"Tunasoma, Mama," mume wangu alijibu.

Kisha akasema, bila kuinua macho, "Hapa umesema nikikupigia naongea mpunga tu."

"Ndiyo."

"Hapa ni kuku."

"Ndiyo."

"Sikujua unajilaumu kwa ile cherehani."

"Hukuniuliza."

"Hii imeuliza," alisema. Akaendelea kusoma. Alipofika kwenye tusi alipumua kwa pua, karibu acheke, halafu hakucheka. Alinirudishia simu imepata joto la mkono wake.

"Sasa mimi naongea na nani?"

Nilidhani amekasirika. Lakini alikuwa anatazama chumbani, kule kwenye kitanda. Akaanza kuniambia. Kwamba mchana anawaacha vibarua shambani anaenda kutazama mto, anarudi, anaenda tena. Kwamba akisikia lori zito barabarani anasimama. Kwamba habari za mpunga ananiambia kwa sababu ndizo pekee anazoweza kuzisema sauti ikiwa sawasawa. Nilikaa sakafuni karibu na kreti yake. Nilitamani angekuwa ameniambia mapema, na nikajua na yeye ndivyo anavyotamani kwangu, basi sikulisema.

Mama aliingia na chai. Alikuwa amesikia kila kitu, mabati au si mabati.

"Mimi nabaki," alisema. "Nyar Sondu ana kazi mjini, aende."

"Na maji yakija, Mama?" mume wangu aliuliza.

"Utanibeba. Si ulinibeba?"

Nilifungua mdomo kubishana. Mume wangu alitikisa kichwa, nikanywa chai.

Ndivyo tulivyo mpaka sasa. Yeye na mama wako Ahero, mimi niko Kondele, Jumamosi nakwenda kushinda nao na jioni narudi. Majirani wa Ahero wamesema waliyosema juu ya mke anayeishi mbali na mumewe. Nilikwenda hospitalini, kama simu ilivyokuwa imeniambia mara zote zile. Mshauri alikuwa msichana mdogo, karibu umri wa binti yangu, na nilipoanza kumweleza nilisikia ninarudia sentensi zile zile nilizokuwa nimeziandika, ila safari hii nililia, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwenye programu. Aliniambia wamekuja wengi kutoka uwanda wa Kano wenye hali kama yangu. Mume wangu alikuja nami mara moja. Alisema msichana ana heshima na kiti ni kizuri, na hakurudi tena. Simu bado naiandikia, hasa ninapotaka kupanga nitakalomwambia mtu. Siku nyingine nasahau kwenda kwa huyo mtu, nabaki nayo tu. Bado sijamaliza hilo.

Sasa mume wangu anataka tutafute kipande cha ardhi mahali pa juu, upande wa kwetu Sondu. Mama hataki kusikia, anauliza mzee atahamishwa na nani. Hatujakubaliana.

Juzi mume wangu alinipigia mchana, saa ambayo si yake. Nilikuwa na mteja mbele yangu, mwanamke aliyekuja kuchukua mapazia ya sebule.

"Leo nimeogopa," alisema.

"Nini?"

"Hakuna. Trekta imepita kwenye barabara ya skimu ya mpunga. Nikadhani ni maji. Nimekimbia mpaka nyumbani, vibarua wananiangalia."

Mteja alianza kugongagonga meza kwa ufunguo. Mwenye duka aliniangalia, akamchukua akaenda kumwonyesha vitambaa vingine. Mume wangu aliendelea kueleza, trekta, vibarua, jinsi alivyopoteza kiatu kimoja kwenye tope, na mimi nilisikiliza mpaka pumzi yake ikashuka. Sikumwambia neno lolote la maana. Nilimwambia Jumamosi nitakuja na samaki. Akasema nilete mbuta, si ngege, kwa sababu siku hizi mama anaogopa miiba.